Nani Anamdai Nani: Elimu ya Akili na Jamii Ilivyopita Todonyang

Mwaka 1906 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale, William Graham Sumner, alichapisha kitabu kinene alichokiita Folkways. Hoja yake moja imeishi kuliko kitabu chenyewe. Alisema kila jamii huwagawa wanadamu mafungu mawili: sisi, yaani kundi la ndani, na wengine wote, yaani kundi la nje. Ndani kuna amani, sheria na kusaidiana. Nje kuna vita na uporaji. Na kadiri nje kunavyotisha, ndivyo wa ndani wanavyozidi kushikamana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosholojia, awe Nairobi au Dar es Salaam, bado hufundishwa hayo karibu kama Sumner alivyoyaacha.

Desemba 1907, mwaka mmoja tu baadaye, Uingereza na Mfalme Menelik wa Ethiopia waliafikiana mpaka. Ulikatiza kaskazini mwa ziwa ambalo mgeni wa Austria na Hungaria, Teleki, alikuwa amelibandika jina la Rudolf mwaka 1888, na ambalo tangu 1975 linaitwa Ziwa Turkana. Mahali mpaka unapogusa ukingo wa magharibi, Kenya inaishia Todonyang. Ni nchi ya mchanga na upepo, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 200. Waingereza waliweka ngome hapo. Leo kuna misheni ya Kikatoliki, polisi, wafugaji, na wavuvi wanaokausha ngege na sangara juani. Mbele kidogo Mto Omo unamwaga maji yake ziwani, na huko ndiko waliko Wadassanech, ambao Waturkana huwaita Merille.

Ungetaka kumpa Sumner mfano wa kitabuni, usingepata mzuri kuliko huu: makabila mawili, lugha mbili zisizo na undugu, mpaka katikati, na damu iliyomwagika mara nyingi pande zote mbili. Ila ukiisoma historia ya mahali hapa kwa utulivu, mfano unaanza kuyumba.

Waturkana wenyewe husimulia kwamba walitoka kwa Wajie wa Karamoja, Uganda. Bikizee aitwaye Nayeche alifuata nyayo za fahali wa kijivu aliyepotea, akateremka na bonde la Mto Tarash, akakuta nchi yenye matunda ya mwituni, na vijana waliomfuata hawakurudi. Kilima cha Moru a Nayeche kipo mpaka leo na wazee wa pande zote mbili wanakijua. Kutoka kule Tarash watu hawa walitanuka hadi ziwani, na waliowakuta njiani hawakuwafukuza wote, wengi waliwameza. Koo nyingi za Turkana zina mababu waliokuwa watu wa nje. Nao baadhi ya Wadassanech husimulia kwamba wazee wao walikuwa magharibi ya ziwa, wakasukumwa na huo utanuzi. Kwa hiyo katika karne ya 19 mtu angeweza kuzaliwa ndani na kufa nje, au kinyume chake, bila kuhama mbali. Mwanahistoria Neal Sobania, aliyekusanya masimulizi ya watu wa upande wa mashariki wa ziwa, ameonyesha kwamba njaa ilipoingia familia zilikimbilia kwa marafiki wa kabila jingine, zikakaa, na wakati mwingine hazikurudi.

Kilichobadilisha hesabu ni bunduki. Wanajeshi na wafanyabiashara wa Menelik walizileta kaskazini mwa ziwa kwa wingi, na viongozi wa Waturkana wa kaskazini kama Ebei walizitumia kupigana na Waingereza kwa miaka. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatuma msafara mkubwa wa kijeshi, uliopewa jina la milima ya Labur iliyo karibu na Todonyang, kuwapiga Waturkana na Merille pamoja. Waturkana walipoteza mifugo isiyo na idadi, kisha wakanyang'anywa silaha. Merille, kwa kuwa walikuwa upande wa Ethiopia, walibaki na zao. Matokeo yake hayakuhitaji mtaalamu kuyatabiri. Mwaka 1931 Waingereza wakachora ramani nyingine, Mstari Mwekundu wa Ilemi, ili kuyalinda malisho ya watu ambao wao wenyewe walikuwa wamewaacha mikono mitupu. Wilaya nzima ikafungwa, na mgeni hakuingia bila kibali.

Katika wilaya hiyo iliyofungwa, mwaka 1948, akaja Mwingereza Philip Gulliver kufanya utafiti wa anthropolojia. Pamela, mkewe, aliandika pamoja naye. Gulliver aliishi kwa Waturkana, kisha kwa Wajie, na mwaka 1955 akatoa kitabu kuhusu jamii hizo mbili, The Family Herds. Aliajiriwa pia kama mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, na wasomaji wa Arusha huenda wanamjua kwa kazi yake juu ya Waarusha wa Mlima Meru.

Tatizo lililomkabili Turkana lilikuwa la msingi kabisa. Alifundishwa kutafuta jamii, yaani kijiji, ukoo wenye baraza, chifu mwenye enzi. Hakuviona. Boma la mtu, yaani yeye, wake zake, watoto na mifugo, lilihama lilivyotaka. Jirani wa mwezi huu hakuwa jirani wa mwezi ujao. Machifu walikuwepo, lakini ni wa serikali. Mgeni mwenye haraka angeandika kwamba hapa hakuna jamii, kuna familia zinazozurura tu, na maofisa kadhaa wa kikoloni waliandika hivyohivyo.

Gulliver aliacha kuuliza jamii iko wapi, akaanza kuuliza kila mwanamume anaweza kumwomba nani mnyama, na nani anaweza kumwomba yeye. Hapo nchi ikajaa. Kila mtu mzima alikuwa na orodha yake: ndugu wa baba mmoja, wajomba, wakwe, mashemeji, na pamoja nao marafiki wasio na undugu wowote, watu waliounganishwa na mbuzi mmoja aliyetolewa zamani na kurudishwa kwa njia nyingine. Orodha hizo hazikufanana. Ndugu wawili wa tumbo moja kila mmoja alikuwa na yake. Hazikuwa na mpaka wala mkuu.

Jinsi ombi linavyopita ni jambo la kuangaliwa kwa karibu. Mgeni huja jioni, mifugo ikirudi. Anaketi kwenye kigoda chake, kile kile anachokitumia kama mto wa kulalia ili asiharibu nywele. Anaomba tumbaku kwanza. Yanazungumzwa malisho, mvua iliyoonekana upande wa milimani, nani amehamia wapi. Kesho yake, au baada ya siku kadhaa, ndipo anamtaja mnyama, na humtaja kwa rangi yake na umbo la pembe, kwa maana ameshamtazama zizini. Mwenyeji hulalamika kwamba ukame umemmaliza, humsifia mnyama mwingine, hutaja ng'ombe aliyetoa miaka ile. Mwishowe anatoa, au anaahidi. Haiandikwi, haina riba, haina tarehe ya kulipa. Anayekataa mara moja husamehewa. Anayekataa daima hubaki na mifugo yake, na mwaka ugonjwa ukiifagia hana mlango wa kubisha.

Mahari ndiyo iliyouweka utaratibu huo hadharani. Gulliver alikuta mahari ya makumi ya ng'ombe na ngamia, pamoja na mbuzi na kondoo wanaokaribia mia. Hakuna zizi la mtu mmoja lililoweza kutoa kiasi hicho na likabaki na maziwa ya watoto. Kwa hiyo mwoaji aliizunguka orodha yake yote, na siku mifugo ilipohesabiwa, aliyesimama pembeni angeweza kuisoma jamii nzima ya mtu yule: huyu dume jekundu ni wa mjomba, yule ngamia ni wa rafiki wa kule Lorugum. Nayo ilipofika kwa wakwe iligawanywa tena kwa orodha ya upande wao.

Mwaka 1954 Mwingereza mwingine, John Barnes, aliandika juu ya kisiwa kimoja cha wavuvi wa Norway na kutumia neno mtandao kwa maana ya mahusiano ya mtu na mtu yasiyo na kiini wala ukingo. Vitabu vya kufundishia humpa yeye sifa. Sioni ubaya, ila naona haki kusema kwamba Gulliver alikuwa ameshauona mtandao ukitembea kwa miguu minne.

Na upande wa pili? Uri Almagor alifanya kazi kama hiyo kwa Wadassanech, na kitabu chake cha 1978 kinaitwa Pastoral Partners. Naye alikuta watu ambao maisha yao yameshonwa na wenzi wa mifugo, waliofungamana kwa zawadi na kwa ahadi nzito. Weka vitabu hivyo viwili mezani pamoja na utaona kuwa hawa wanaoitwa kundi la ndani na kundi la nje wana kanuni moja ya urafiki. Zamani kanuni hiyo ilivuka kabila. Miaka ya amani mtama wa kingo za Omo ulishuka kusini na mbuzi wakapanda kaskazini, kwa kupitia watu waliojuana kwa majina. Vita vilipozuka, watu haohao ndio waliotuma onyo.

Wakati Gulliver anaandika kitabu chake, serikali ilikuwa imeleta Turkana msomi mwingine wa anthropolojia, huyu akiwa na pingu. Jomo Kenyatta alisoma London School of Economics chini ya Bronislaw Malinowski, na kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kina utangulizi wa mwalimu huyo. Mwaka 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, alifungwa Lokitaung, mji mdogo wa mawe ulio katika nchi hiyohiyo ya kaskazini, safari si ndefu kutoka Todonyang. Pamoja naye walikuwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Sababu ya kuchagua Lokitaung ilikuwa wazi: jangwa lenyewe lilikuwa ukuta.

Nairobi, serikali iliyomfunga ilikuwa na daktari wake wa magonjwa ya akili. Daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1938, na wakati huo hakuwa mtaalamu wa magonjwa hayo. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, na akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo huo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika mwaka 1953. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo, watu waliochukua silaha kwa ajili ya ardhi walielezwa kama wagonjwa wa kipindi cha mpito, walioachwa na mila na hawajaipata dunia mpya. Kijitabu kilipendekeza watu wakusanywe vijijini, na Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishiwa humo, nyuma ya mitaro na seng'enge.

Carothers alikuwa na wagonjwa, vipimo na kurasa, lakini swali lake lilikuwa bovu tangu mwanzo. Aliuliza: watu hawa wana akili ya namna gani? Ukiuliza hivyo hutaona shamba lililochukuliwa, kwa sababu umeshaamua kwamba jibu limo kichwani mwa mtu. Gulliver, bila kupima kichwa cha mtu yeyote, aliuliza nani anamdai nani, akatoka na maelezo ambayo mzee wa Turkana angeyatambua.

Ndani ya gereza la Lokitaung nako kulikuwa na somo. Watu waliokuwa kitu kimoja mbele ya mahakama walianza kugawanyika wakiwa wachache, wamefungiwa, katika joto lisilo na mwisho. Kenyatta, kwa umri wake, hakupelekwa kupasua mawe bali alipewa kupika. Wenzake wengi walimgeuka, mfungwa mmoja wao hata akamwinulia kisu, na aliyesimama naye alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China. Adui wa nje, kwa hesabu ya Sumner, angepaswa kuwashikamanisha. Haikuwa hivyo. Hata hivyo, mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu hali yao ilipenyezwa hadi gazeti la The Observer la London, na Bunge la Uingereza likaanza kuuliza maswali. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, na mwaka 1961 akaondolewa Turkana kupelekwa Maralal.

Kwa bahati, mwaka 1954 swali hilo la makundi na adui lilikuwa likijaribiwa Marekani. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, aliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, mahali paitwapo Robbers Cave, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha. Siku chache zilitosha: bendera zikachomwa, vitanda vikapinduliwa, matusi yakawa wimbo. Kuwakutanisha wale pamoja hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni tangi la maji kuzibika na lori kukwama, shida ambazo hakuna kundi lingeweza kuzitatua peke yake. Mwaka huohuo Gordon Allport wa Harvard aliandika kwamba kukutana hupunguza chuki ikiwa tu waliokutana wako sawa kwa hadhi, wana lengo moja, na mamlaka inawaunga mkono. Masharti hayo husahaulika kila mara mradi wa amani unapoandikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Robert Edgerton alikuja Afrika Mashariki na picha na maswali kwa Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei, akilinganisha wakulima na wafugaji wa kila kabila. Aligundua, kwa kifupi, kwamba mfugaji anasema hasira yake waziwazi na mkulima huificha. Maelezo yake yalinipendeza kuliko matokeo: mfugaji anaweza kuhama akigombana, mkulima atazeeka na jirani yuleyule. Hapo akili imefuata mazingira.

Kisha Turkana zikaja bunduki mpya. Kambi ya jeshi ya Moroto, Uganda, ilivunjwa utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, na silaha za kisasa zikaenea kila upande. Njaa ya 1980 na 1981 ikafuata, na majambazi walioitwa ngoroko wakatesa hata Waturkana wenzao. Watu wa mbali wakaanza tena kusema kwamba vita ni tabia ya watu hawa. Ugunduzi wa Nataruk, kusini zaidi, ulipotangazwa mwaka 2016, mifupa ya watu 27 wa miaka 10,000 hivi iliyopita, mingine ikiwa na alama za kupigwa rungu na kuchomwa mishale, wapo waliouchukua kuwa ushahidi wa damu ya asili. Waliouawa kule hawakuwa Waturkana, wala hapakuwa na mfugo hata mmoja nchini wakati huo.

Watafiti Sarah Mathew na Robert Boyd walirudi kwenye swali la Gulliver kwa njia nyingine. Badala ya kuuliza kwa nini Waturkana wanapenda vita, waliuliza kwa nini kijana anakwenda. Ukikaa nyumbani unakwepa risasi, na mifugo ikiletwa huenda ukapata fungu kupitia jamaa. Walikusanya habari za uvamizi 88. Waliokwenda kwa wastani walikuwa mamia, wengi wao si ndugu wala majirani wa kila siku. Hakuna jenerali, hakuna mshahara. Wengine hukimbia njiani, wengine husingizia ugonjwa wakikaribia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yanaonyesha kwamba watu hao huadhibiwa, na anayeadhibu ni rika lake. Kwanza mambo husemwa kwenye kivuli, na mwenendo wake hupimwa na kila mtu. Likionekana kosa la kweli, wenzake humkamata, humfunga kwenye mti, humchapa fimbo, na humtoza mnyama wa kuchinjwa na kuliwa na rika. Mtu akilipa, yamekwisha.

Yapo mengine waliyoyakuta yanayostahili kukaa karibu na hilo. Kuivamia sehemu nyingine ya Waturkana hakusifiwi hata kama kuna mifugo mingi; ni aibu, na washiriki wanaweza kuadhibiwa. Hivyo kanuni hizi hazilindi ukoo wala kambi, zinalinda kabila lote la mamia ya maelfu ya watu ambao hawajawahi kuonana. Hapa Sumner anapata haki yake. Ila ndani na nje hazikuletwa na hisia tu. Zinashikiliwa na fimbo ya rika, na kila kinachoshikiliwa na kanuni kinaweza kubadilishwa na waliozishika.

Miaka kumi baadaye, 2021, Mathew na Matthew Zefferman walichapisha utafiti kuhusu majeraha yasiyoonekana. Waliwahoji wapiganaji 218. Asilimia 28 walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na kiwewe cha vita: ndoto za risasi, kushtuka, kukesha, kuona tena lililotokea. Waliodhani kwamba shujaa wa manyatta haumizwi na kuua wakapata jibu. Lakini walipowalinganisha na wanajeshi wa Marekani, kukawa na tofauti. Dalili za hatari, yaani kushtuka na kukumbuka, zilifanana kwa wote wenye kiwewe kikali. Dalili za huzuni, yaani kujitenga, kufa ganzi moyoni na kupoteza hamu ya maisha, zilikuwa ndogo zaidi kwa Waturkana.

Watafiti wenyewe wanalitafuta jibu katika jamii. Mpiganaji wa Turkana hupigana karibu na kwao, anarudi kwa watu wanaojua alichofanya, wenye sababu zilezile za kukikubali, na zipo taratibu za kumtakasa aliyemwaga damu kabla hajakaa na watoto. Askari wa Marekani anarudi kwenye mtaa ambao hauelewi vita alivyotoka. Swali linalotisha ni la kesho. Kijana wa Turkana anayesoma Lodwar, anayesikia mahubiri Jumapili na sheria ya nchi redioni, akienda uvamizini atarudi kwa watu wasiokubaliana juu ya alichofanya. Kiwewe chake huenda kikaanza kufanana na cha Marekani.

Mei 2011, katika siku chache, zaidi ya watu 20 wa upande wa Waturkana waliuawa katika eneo la Todonyang. Wengi hawakuwa wapiganaji. Mwanaanthropolojia Raymond Kelly ana maelezo ya jinsi mauaji ya namna hiyo yanavyowezekana: katika vita vya makundi, mtu yeyote wa kundi anaweza kusimama mahali pa mwingine. Mtu nisiyemjua alimwua ndugu yangu, nami nitamwua wa kwao nisiyemjua, na hesabu itakuwa sawa. Urafiki wa mifugo ni kinyume chake kabisa, kwani rafiki hana mbadala. Pale urafiki wa kuvuka mpaka ulipokufa, kwa sababu ya ngome, vibali na bunduki zisizolingana, kilichobaki ni watu wanaobadilishana maiti.

Magharibi, kwenye mpaka wa Uganda, mambo yamekwenda tofauti. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikutana Lokiriama, wakazika silaha, wakafanya mapatano. Yameheshimiwa kwa miongo, na kila mwaka watu wa pande mbili hukusanyika mahali palepale kuyakumbuka. Wakati wa ukame mifugo ya Turkana huvuka kwenda Karamoja. Yapo masharti yote ya Allport: hadhi sawa, malisho wanayohitajiana, wazee wenye kauli. Kakuma nako, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, Waturkana wamezoea kuuza kuni na makaa kwa watu wa mataifa mengi. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2016 ulikadiria kwamba kuwepo kwa wakimbizi kumeongeza uchumi wa eneo hilo kwa zaidi ya asilimia 3. Ila kuuziana makaa si kukopeshana ngamia, na ugomvi wa kuni bado hutokea.

Todonyang imekosa hata ardhi ya kutulia. Tangu miaka ya 1970 delta ya Omo ilijazana udongo na kusogea kusini, ikaota majani na mashamba ya mtama juu ya kilichokuwa maji, na Wadassanech wakaifuata. Ethiopia ikazindua bwawa la Gibe III mwaka 2016, na mafuriko ya msimu yaliyorutubisha kingo hayakuwa tena yale. Kisha ziwa likapanda, likameza fukwe na malisho. Waliopoteza mifugo wakageukia nyavu, pande zote mbili. Na samaki haombwi kama ng'ombe. Huwezi kumtaja kwa rangi yake, kumpeleka kwa rafiki azae huko, na kumdai mjukuu wake miaka kumi baadaye. Anavuliwa leo, anauzwa kesho kwa lori la Kitale. Februari 2025 wavuvi walishambuliwa katika maji ya Todonyang, wengine wakauawa, wengine hawakuonekana tena.

Katika mikutano ya amani inayofuata mashambulizi kama hayo, hoja ya kwanza aghalabu huwa mifugo iliyochukuliwa, na wazee wanajua pa kuanzia: ni wangapi, wa rangi gani, alama ya nani sikioni, nani awarudishe. Nyavu zilizokatwa na injini ya boti iliyozama, katika maji ambayo juzijuzi yalikuwa malisho ya mtu, ni kesi ambayo bado hawana kanuni yake.